Kamba Mliyoifunga Topeni

Vijana wangu mnaotembeza wageni, mmeniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi ya kutazama ndege. Mkasema mnataka yale ya zamani, ya kuchekesha, kurasa mbili tatu tu. Nitaandika, ila nawaambia mapema kwamba nimekasirika, na mtu mwenye hasira hachekeshi sawasawa. Mkiona nimeiacha hadithi katikati nikaanza kufoka, nivumilieni kama mimi nilivyowavumilia ninyi.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Nilipofika Temeke na kupanga chumba Tandika, bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Kazi hii niliingilia mlango wa kubeba: Mzee Salehe, ambaye upande wetu ndiye aliyekuwa akiwaongoza wageni kutazama ndege kabla ya mtu mwingine yeyote, alikuwa na darubini ndefu ya miguu mitatu, nzito kama mtungi wa gesi, na mgongo wake ulishamkataa. Nikawa mgongo wake. Wapwani wenzake wakacheka sana kuona Mnyamwezi amekuja mjini na bado anabeba mizigo ya safari.

Mzee Salehe alikuwa mfupi, mkali, na hakupenda mtu anayeongea huku anatembea. Fundisho lake la kwanza lilikuwa kwamba ndege hafuatwi. Unajua atakapokuja, unatangulia, unakaa, unanyamaza. Nyie siku hizi mnawakimbilia vitwitwi ufukweni ili waruke kundi zima, mpate video. Mnaona raha. Hao ndege wadogo wametoka kaskazini kwenye baridi, wamevuka jangwa, wamefika hapa mifupa mitupu, wanatafuta mafuta ya kurudia kwao. Kila mnapowarusha mnawachomea akiba yao. Mzee Salehe angewaona, angewavua hizo darubini shingoni mbele ya wageni wenu.

Sasa kosa langu la kwanza, mcheke kidogo. Mzee Salehe aliugua homa, nikapewa wageni wangu mwenyewe. Mimi kwetu nilijua kwamba ndege ni asubuhi. Nikawachukua wageni asubuhi mbichi mpaka kwenye tope la mikoko, kule Mzinga, upande wa Mbagala. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba pwani saa ya ndege ni maji, si jua. Na mwezi ulikuwa mpevu, ndiyo majira ya bamvua, maji yakipwa yanakimbia mbali mpaka unadhani bahari imehama. Tulipofika, maji yalikuwa yanaondoka na ndege wanaondoka nayo. Kufikia wakati wa chai, ndege wote walikuwa nukta kule mwisho wa macho.

Badala ya kukaa, nikawafuata. Nikawapeleka wageni topeni na mabuti ya mpira. Mmoja wao, bwana mnene mwenye kofia pana, akazama mpaka magotini. Akavuta mguu, mguu ukatoka, buti likabaki. Akawa amesimama kwa mguu mmoja, ananishika mimi kichwa, na mimi nazama. Ninyi mnajua cha kufanya hapo? Wengi hamjui, maana mnawasimamisha wageni kwenye daraja la mbao. Ukizama kwenye tope usivute mguu juu. Piga magoti, lala kidogo mbele, uzito utawanyike, kisha zungusha kisigino hewa iingie. Na mabuti acheni nyumbani, vaeni raba kuukuu zenye kamba.

Hayo aliniambia Bi Mwanaisha. Alikuwa akichokoa kome hatua chache kutoka tulipokwama, pamoja na wanawake wenzake, kila mmoja na kichuma chake na ndoo. Bi Mwanaisha ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo hakuniokoa bure. Alisimama kwanza akaniangalia vya kutosha.

"Mnyamwezi kubeba unajua, bahari huijui," akasema. "Piga magoti, hapa si gwaride."

Tulipopata pumzi, yule bwana mnene akaacha kulalamikia buti lake, akanyoosha kidole. Ndege tuliowafuata mbali walikuwapo hapo, miguuni pa wale wanawake. Vitwitwi, yangeyange, na wale wadogo wenye shingo nyeupe waendao mbio na kusimama ghafla. Kichuma kikigeuza tope, minyoo na kaa wadogo wanabaki wazi, ndege wanaokota. Mwanamke aliyeinama, anayesogea pole pole, anayetazama chini, ndege hamhesabu kuwa mtu. Sisi tuliosimama wima na kutoa macho ndio tulikuwa watu.

Msidhani Bi Mwanaisha aliwapenda. Aliwaita wadokozi. Aliwatupia tope wakimkaribia mno, akasema wanakula chakula cha watoto wake, na hakuelewa kwa nini mtu mzima apande ndege ya kutoka kwao kuja kuangalia kitwitwi anayejisaidia. Mpaka leo haelewi, na hana haja ya kuelewa. Alikuwa kazini, na mimi nilikuwa kazini, tukapatana. Nikija na wageni tunamsalimia, tunaomba, tunakaa ukingoni kwenye mizizi ya mikoko, chini, tumenyamaza. Wao wanachokoa. Ndege wanakuja wenyewe mpaka unawaona kope. Hatukupiga picha ya uso wa mtu bila ruhusa. Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi, na hakuna aliyemharibia mwenzake.

Nije kwenye simu zenu, maana nimekumbuka msitu wa Pugu. Kabla simu hazijaingia, msituni tulikwenda na masikio. Mzee Salehe alinifundisha kufumba macho, kutoa mikono mifukoni, na kufungua mdomo kidogo, kwa sababu mdomo ukifungwa unasikia pumzi yako mwenyewe. Jaribuni. Kisha zikaja simu zenye sauti za ndege. Unabonyeza, simu inalia kama ndege dume, dume wa kweli anadhani amevamiwa, anatoka kuja kupigana. Wageni wanapiga picha. Yeye amemwacha mwenzake na mayai, anazunguka kumtafuta adui asiyekuwepo, na mwewe anamwona.

Siku moja wageni wangu waliipenda sana simu yao kuliko mimi. Walimtaka ndege mmoja adimu, mwenye tumbo jekundu, anayejificha chini kwenye majani makavu wakati wa mvua. Wakabonyeza. Msitu ukajibu. Wakabonyeza tena, jibu likaja karibu zaidi. Basi tukalala kifudifudi, watu wazima na heshima zetu, tukatambaa kwenye matope na siafu, simu inaita, ndege anaitika, simu inaita, ndege anaitika. Mwisho nikasogeza jani moja, na upande wa pili wa lile jani nikakutana na uso wa muongoza wageni mwenzangu, naye amelala kifudifudi, na nyuma yake foleni ya wageni, na mkononi simu. Tulikuwa tumeitana wenyewe kwa wenyewe nusu ya asubuhi. Ndege hakuwepo hata mmoja. Tulisalimiana tukiwa bado tumelala.

Mnacheka, lakini hiyo ndiyo kazi yenu sasa. Mnaitana wenyewe kwa wenyewe. Kwenye kundi lenu la watsapu mnatumiana mahali ndege alipo, mnakwenda wote, mnasimama mstari, mnapigana picha. Wakati huohuo anayeishi pale mahali hamjui hata jina lake.

Na hili la kujua majina ya watu si adabu tu, ni usalama wa kazi. Niliwahi kwenda Kiwalani peke yangu, kwenye bonde nyuma ya nyumba ambako mvua ilikuwa imeacha bwawa, korongo wawili wametua. Sikumsalimia mtu. Nikatoa darubini. Dakika chache, nyuma yangu wamejaa. Wakazi wa kule wakiona mtu mwenye chombo cha kutazamia mbali wanajua kitu kimoja tu, kwamba wanahamishwa. Mmoja akaniuliza nimetumwa na nani. Mwingine akasema tupo hapa tangu enzi za baba. Mama mmoja akanishika mkono akanivuta mpaka uani kwake, akataka nitazame na choo, kwamba ni kipya, cha tofali, nisije nikakisahau kwenye fidia. Nilijieleza kuhusu korongo mpaka sauti ikakauka. Hawakuamini. Nani angeamini?

Nilipomsimulia Mzee Salehe alicheka, halafu akasema wale watu hawakukosea sana. Kwamba mtu akija na chombo kutazama mahali unapoishi, mara nyingi ni mahali anapataka, wewe hakutaki. Nililichukulia kama neno la mzee aliyechoka. Alifariki kabla hajaona kikundi chenu, na kwa hilo nashukuru.

Sasa tufike kwenye kamba.

Mlipoanzisha kikundi nilifurahi, naapa. Mlinifanya mlezi, mkanipa fulana ya kijani yenye ndege kifuani. Nikawafundisha maji, mwezi, namna ya kukaa. Mwaka ukapita, mguu wangu ukaanza kunisumbua, nikawa siji. Nikasikia mmepata kibali cha eneo. Nikasikia mmejenga daraja la mbao na kibao. Vizuri, nikasema. Kisha Bi Mwanaisha akaja kwangu Tandika, na si kawaida yake kuja, akakaa kibarazani, akakataa chai. Akaniuliza kama ni mimi niliyewatuma.

Ninyi mlikuwa mmefunga kamba kutoka mikoko mpaka mikoko, mmeweka kijana mwenye filimbi, na mmewaambia wanawake kwamba pale ni hifadhi ya ndege, kuchokoa kome ni marufuku. Bi Mwanaisha ana wajukuu wanne wasio na mama. Kome ndio walikuwa mboga yao, na wanaobaki anawauza Mbagala, ndiyo sare na daftari. Mmempa barua yenye muhuri, inayosema anasumbua viumbe. Bi Mwanaisha, anasumbua viumbe! Na ukweli wa mambo ulimtoka mmoja wenu mbele yangu, bila aibu: wageni walilalamika kwamba ndoo zinaharibu picha.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninyi mmemleta mgeni, mkamfukuza mwenyeji. Nilikuja siku ileile kwa bodaboda, na mguu wangu huu, nikamkuta Denis, mwenyekiti wenu. Denis, najua unasoma. Ulinisikiliza kwa adabu, shikamoo nyingi, kiti kwenye kivuli. Ukaniambia mambo yamebadilika, kwamba siku hizi kuna taratibu. Nikakuuliza ndege wanaendeleaje. Ukatazama pembeni.

Maana ndege walikuwa wameondoka. Mlifunga kamba, mkafukuza wanaogeuza tope, mkasimama darajani na wageni wenu, na ndege wakabaki kule mbali wanakofuata maji, nukta tupu. Nani angewasogelea ninyi, mmesimama wima mmevaa kijani, mnatoa macho? Wageni wakaanza kuuliza mbona kwenye matangazo ndege wapo miguuni mwa watu.

Hapo ndipo mlipotoa lile wazo. Nimefanya kazi hii mpaka nimestaafu, nimeona mengi, lakini wazo lile linanichemsha damu hata sasa ninapoliandika. Mlikwenda kumwomba Bi Mwanaisha arudi. Si kuchokoa. Kuigiza kuchokoa. Siku za wageni tu, avae khanga mpya mtakazompa, ainame, ageuze tope, ndege waje, wageni wapige picha, apewe posho, aende. Ndoo ile ile iliyokuwa inaharibu picha sasa ikawa pambo.

Alikubali. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, kwa hiyo msimcheke. Alikubali kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa, na kwa sababu alidhani, kama mimi nilivyodhani, kwamba akishachokoa, kome atakaowapata ni wake. Hamkumwambia vinginevyo. Mkaniita na mimi nije kuwatafsiria wageni, kwa kuwa mlitaka mlezi aonekane. Nikaja na fulana yangu.

Asubuhi hiyo maji yalikuwa yamepwa vizuri. Bi Mwanaisha akaingia ndani ya kamba na mwenzake mmoja, na kijana wa filimbi akaisogeza kamba wapite, kama anafungua benki. Wakainama. Haikupita muda, yangeyange wa kwanza akaja, akafuata wa pili, kisha vitwitwi wakatoka kule mbali, wakatua nyuma yao. Wageni darajani wakaacha kupumua. Mama mmoja mzee katika wageni alilia machozi, nilimwona. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawaona kwa karibu namna ile tangu nistaafu, na nilifurahi, sitawadanganya. Kwa muda ule nilidhani labda mambo yatakaa sawa.

Bi Mwanaisha alipojaza ndoo akanyoosha mgongo, akaanza kutoka. Akafika kwenye kamba. Denis akashuka darajani kumpokea, anatabasamu kwa ajili ya wageni.

"Bibi, tunashukuru sana," akasema. "Hao kome tunaomba uwamwage hapohapo. Hili ni eneo la hifadhi, hakitoki kitu."

Bi Mwanaisha aliitazama ndoo. Akawatazama ndege, ambao walikuwa bado wanaokota kwenye matuta aliyoyageuza, matumbo yamevimba, wengine wanavutana mnyoo. Hakupandisha sauti.

"Na hao ndege wenu walioshiba kwa mkono wangu," akauliza, "nao mtawatapisha?"

Mwenzake Bi Mwanaisha akageuza uso. Yule mama mgeni, aliyekuwa amelia, akaniinamia akaniuliza yule bibi amesema nini. Denis akamsikia. Akanisogelea upande wa sikio.

"Mzee, hilo usiwatafsirie."

Nimewahi kuambiwa nisiwaambie wageni kuhusu mbu. Nimewahi kuambiwa nisiseme kwamba yule ndege waliyemsifia ni kunguru tu aliyechafuka. Hayo niliyafanya nikicheka. Sijawahi kuambiwa nifiche jambo linalotokea mbele ya macho ya mgeni, kwamba ndege anaachiwa chakula na mtu ananyang'anywa. Nikatafsiri. Nikatafsiri neno kwa neno, pamoja na ndoo, pamoja na wajukuu, pamoja na ile barua ya kusumbua viumbe. Nilipomaliza wageni wote walikuwa wamemgeukia Denis, wakisubiri, kamera zimeshuka. Denis akaanza kueleza habari za majira ya ndege wahamao.

Bi Mwanaisha hakumwaga kome. Alipita chini ya kamba na ndoo yake, na kijana wa filimbi akashindwa kuipuliza. Lakini tangu siku hiyo hamjamwita tena, na mmeongeza kamba ya pili. Sasa hivi anakaanga maandazi mbele ya nyumba, macho mekundu kwa moshi, na mjukuu wake mkubwa amesimama kwenda shule. Fulana yenu ipo kwa fundi cherehani wa jirani, anafutia mashine.

Mlitaka ushauri wa mtu aliyetangulia. Maji mtayajifunza, mwezi mtaujifunza, hata tope mtajifunza mkizama. Lakini swali la Bi Mwanaisha liko palepale, na sikuliandika ili mcheke. Ndege wanaruhusiwa kushiba pale na yeye haruhusiwi, kwa nini? Kaeni kikundi kizima mlijibu, kisha mwende mkamwambie jibu hilo uso kwa uso, pale kwenye karai lake la maandazi, wajukuu wakisikia. Mkishindwa, nendeni mkafungue kamba.